Nimepachika mbao upande mmoja, mkuku umepinda milimita 4. Nimekosea wapi?

NahodhaWaMezani
Wakuu, salama? Niende moja kwa moja.

Najenga modeli ya brigi ya kivita, meli ya milingoti miwili, kipimo 1:48. Kiunzi kina sentimita 62 toka omo (mbele) hadi tezi (nyuma). Hakuna seti ya kiwandani hapa, kila kipande nachonga mwenyewe kutoka kwenye michoro. Uti wa katikati, ambao chini yake ndio mkuku (mti wa msingi wa meli), ni plaiwudi ya milimita 5. Mataruma, yaani mbavu za meli, ni 14, plaiwudi ya milimita 4. Mbao za nje nimezichana mwenyewe kutoka ubao mmoja wa mti mweupe laini, upana milimita 5, unene 1.5.

Wiki mbili zilizopita kiunzi kilikuwa kimenyooka kama rula. Nilivuta uzi toka omo hadi tezi ukapita katikati ya kila taruma. Nikaanza kupachika mbao upande wa kulia, kuanzia usawa wa sitaha kushuka chini, kwa gundi nyeupe ya mbao. Nimefika ubao wa 9. Jana usiku nikavuta uzi tena: katikati ya mkuku imeachana na uzi kwa milimita 4. Upande wa kushoto sijaugusa kabisa.

Tatizo ni mbao, gundi, au mimi?

BinMsasa
Wewe.

VumbiLaMbao
Bin Msasa amefunga uzi wa mjadala kwa neno moja, hahaha.

Nahodha, jibu umeliandika mwenyewe. Kulia mbao 9, kushoto sifuri. Kila ubao ulioupinda kufuata umbo la meli ni upinde, unataka kurudi ulikotoka. Mmoja hauna ubavu wa kufanya lolote. Tisa zikishika pamoja zinavuta, na upande wa pili hakuna wa kuzijibu. Ndiyo maana tunaambizana kila siku: ubao mmoja kulia, mmoja kushoto, hadi mwisho. Nilijifunza kwa kuharibu skuna yangu ya kwanza, ikatoka kama ndizi. Ipo juu ya kabati, naigeuza upande mzuri wageni wakija.

FundiMkavu
Mimi sitaki kuilaumu mbao kabla ya gundi. Gundi nyeupe ni maji. Umepaka maji kwenye ubao wa milimita 1.5, ubao ukavimba, ukaubana ukiwa umevimba, kisha ukakauka ukiwa umeshashikwa. Ukikauka unasinyaa, na ukisinyaa unavuta kilichoushika. Piga hesabu: mbao 9 za milimita 5 ni milimita 45. Zikivimba asilimia 1 tu hiyo ni karibu nusu milimita ya kuvuta, upande mmoja.

Swali langu: ulisubiri muda gani kati ya ubao na ubao? Na mbao ulizilowesha kabla ya kuzipinda?

Kigurumo
@FundiMkavu hesabu yako iko sawa ila umeielekeza pabaya. Mbao husinyaa kwa upana. Kwa urefu, kufuata nyuzi zake, hata ikitoka mbichi kabisa hadi kukauka kabisa, kwa kawaida inapungua asilimia 0.1 hadi 0.2 tu. Hiyo nusu milimita yako inavuta kutoka sitaha kushuka kwenye mkuku, haivuti toka omo kwenda tezi. Na mwenye uzi anasema mkuku umepinda kwa urefu.

Kinachoweza kutokana na upana kusinyaa upande mmoja ni kiunzi kujinyonga, yaani kujisokota. Kwa hiyo Nahodha, kabla hatujaendelea kuandikiana hapa: umepinda, au umejinyonga? Ni vitu viwili tofauti. Chukua vijiti viwili vilivyonyooka, vya sentimita 20, kilaze kimoja juu ya taruma la kwanza kule omo na kingine juu ya la mwisho kule tezi. Piga jicho moja chini usawa wa cha mbele. Vikilingana, hakuna kujinyonga. Kimoja kikiinua ncha, umejua.

MamaKapi
Uzi wa meli hauna picha? Tunatibu mgonjwa kwa simu?

MzeeTezo
Naomba kusahihisha lugha kidogo, msinichukie. Hayo mnayoyaita mataruma si mataruma. Taruma ni ubavu wa chombo, mti uliopinda kwa asili yake au uliounganishwa kufuata umbo. Hivyo vya plaiwudi ni vibao vya umbo tu, kazi yake ni kuzuia mbao zisiingie ndani. Meli ya kweli haina kitu hicho.

Na ukitaka kujua, hili tatizo linatokana na kuiga njia moja tu ya kujenga. Mafundi wa jadi wa majahazi mara nyingi wanasimamisha mkuku, hanamu (mti wa mbele) na fashini (mti wa nyuma), wanapandisha mbao za chini kwanza, halafu taruma linachongwa likae ndani ya umbo ambalo mbao zimeshalitengeneza. Jicho ndilo mchoro. Na pande zote mbili zinapanda pamoja, kwa sababu hakuna kitu kingine cha kulishikilia umbo. Sisi tunasimamisha uti mwembamba wa plaiwudi halafu tunashangaa.

BinMsasa
@MzeeTezo vibao vya umbo, sawa. Kuanzia leo tutaendelea kusema mataruma.

NahodhaWaMezani
Shukrani wote. Majibu kwa mkupuo:

Mama Kapi, simu yangu kamera imepasuka kioo, nitaazima ya mtu.

Fundi Mkavu, nilisubiri kama nusu saa kati ya ubao na ubao. Mbao nililowesha usiku kucha kwenye beseni.

Kigurumo, nimefanya ile ya vijiti. Kile cha tezi kimeinua ncha ya kushoto kama milimita 2. Na kupinda kupo vilevile: ncha zote mbili, omo na tezi, zimeelekea kulia, upande wenye mbao, na katikati imesukumwa kushoto. Yaani kapinda na kajinyonga.

VumbiLaMbao
Haya. Ncha zimeelekea upande wenye mbao. Ubao wa kulia umejibinua kwenda nje, ukitaka kunyooka ncha zake zinakwenda kulia na tumbo linarudi ndani. Ndicho ulichokiona. Nilisema.

FundiMkavu
Usiku kucha kwenye beseni! Nilijua. Mbao zilikuwa zimeshiba maji hadi kwenye moyo, zikabandikwa, zikaanza kukauka mwilini mwa meli. Na mwelekeo unakubaliana nami pia: upande unaosinyaa unavuta ncha kuja kwake.

Kigurumo
Mnaona tatizo lenu? Maelezo yenu mawili yanatabiri mwelekeo uleule, kwa hiyo mwelekeo hauwezi kuwaamua. Ungekuwa umepinda kinyume, ncha zikikimbia mbao, tungesema mbao zilikatwa ndefu kupita kiasi zikawa zinasukuma kule mbele zinapoingia kwenye hanamu. Hilo angalau tumelifuta.

Milimita 2 za kunyonga nazipeleka kwa Fundi Mkavu. Milimita 4 za kupinda bado sina pa kuzipeleka.

SitakiSeti
Nawasoma toka jana, hakuna aliyegusa mifuo, ile mikato ya kuingizia mataruma. Mataruma 14 maana yake mifuo 14 kwenye uti. Ukikata mfuo wa milimita 4 kamili, na plaiwudi yako kwa kweli ina 4.1, kila taruma linaingia kwa nguvu kama kabari. Kabari 14 za sehemu moja ya kumi ni milimita 1.4. Hiyo peke yake inaupinda uti kabla ya mbao ya kwanza. Nilipata hili kwenye modeli yangu ya kuta (cutter, meli ya mlingoti mmoja) ya mataruma 11, nikaparua kila mfuo kwa tupa hadi taruma likawa linaingia kwa uzito wake, halidondoki halibani. Tatizo likaisha siku hiyohiyo.

MzeeTezo
Kijana, fikiri mfuo unafungukia wapi. Umekatwa toka juu kushuka. Kabari zikipanua juu, uti unashusha ncha zake na kuinua mgongo katikati. Ni kupinda kwa juu na chini, kule ambako hata meli za kweli huzeeka nako, maana ncha za meli ni nyembamba na maji hayazibebi kama yanavyobeba katikati. Yeye anasema kulia na kushoto.

SitakiSeti
Mzee Tezo nimekubali nusu. Lakini msumeno ukiingia kimshazari, mfuo ukawa haujakaa skwea na uti, kabari inapanua upande mmoja zaidi ya mwingine. Nahodha, ulikata kwa mkono au kwa mashine?

NahodhaWaMezani
Kwa mkono. Msumeno wa kukata vyuma, kwa sababu una meno madogo.

SitakiSeti
Sina la kuongeza.

VumbiLaMbao
Ila alisema kilikuwa kimenyooka kabla ya mbao. Kabari hazingesubiri wiki mbili.

Mgeni88
Habari zenu, mimi mpya. Inawezekana mchoro wenyewe una kasoro? Wa kwangu niliuchapisha nyumbani, taruma za kushoto hazilingani na za kulia.

Kigurumo
Karibu. Mchoro hauwezi kupinda kitu kilichokwisha kunyooka, lakini umegusa jambo ambalo linawaua wengi. Mashine ya kuchapisha ikiwekwa "enea kwenye ukurasa" inaweza kupunguza hadi asilimia 97 bila kukuuliza. Milimita 300 zinakuwa 291. Mbaya zaidi ni ile ya kurudufu kwa mwanga, nyingine hunyoosha urefu kuliko upana, kwa hiyo hata ukikuza mchoro bado umbo limepotoka. Chora mraba wa milimita 100 pembeni mwa kila karatasi, ukitoka pima pande zote mbili.

Na taruma usichapishe pande zote. Chapisha nusu moja, kunja karatasi kwenye mstari wa katikati, kata zote mbili kwa pamoja.

Mgeni88
Dah. Nimepima sasa hivi. 100 kwa 98.

BinMsasa
Pole, ndugu. Umejenga meli nyingine kabisa.

Mwanamaji_Mkavu
Msimwonee mgeni. Hata zile kubwa hazikulingana pande mbili. Vasa, meli ya kivita ya mfalme wa Sweden, ile iliyozama 1682, walipoipima wakakuta kulia na kushoto ni tofauti, kwa sababu mafundi walikuwa na rula za aina mbili. Ndiyo sababu ikazama.

MzeeTezo
Tarakimu umezigeuza, ni 1628. Tarehe 10 Agosti, ilitembea kama mita 1,300 tu bandarini Stockholm ikaenda chini. Wakaiinua 1961.

Za rula ni kweli. Zilipatikana nne ndani yake, mbili za futi ya Sweden yenye inchi 12, mbili za futi ya Amsterdam yenye inchi 11. Lakini sizo zilizoizamisha. Ilikuwa na uzito mwingi juu kuliko chombo chembamba kile kingeweza kustahimili, upepo ukailaza, maji yakaingia kwa madirisha ya mizinga ya chini ambayo yalikuwa wazi.

Mwanamaji_Mkavu
Nimesahihishwa. Bado najipa moyo kwamba watu wa mfalme nao walikuwa na rula mbili.

VumbiLaMbao
Nahodha, mchoro wako ni wa wapi lakini?

NahodhaWaMezani
Ni wa Chapman, yule Mswidi aliyetoa kitabu cha michoro ya meli 1768. Nimechagua brigi ndogo humo nikaikuza hadi 1:48. Kwa hiyo ndiyo, Waswidi tena.

BinMsasa
Naomba kuuliza, ukichukua mchoro wa mtu hiyo bado ni kuanzia sifuri?

SitakiSeti
Tumeanza.

Kuanzia sifuri ni kutokuwa na kipande kilichokatwa na mtu mwingine. Mchoro si kipande.

BinMsasa
Na uzi wa kamba ulinunua au ulipanda pamba?

SitakiSeti
Nenda kalale.

MamaKapi
Mimi ninunue nisinunue, kapi zote, vile vya kupitishia kamba, nachonga mwenyewe na sina aibu kununua uzi. Nachana kijiti kimoja kirefu, natoboa matundu yote kikiwa bado kizima, natia mfereji wa kamba kwa tupa, ndipo nakata moja moja. Zikishakatwa naziingiza kwenye kopo nililolitandika msasa kwa ndani, kopo nalishikisha kwenye drili, linazunguka polepole. Dakika ishirini, kapi zimetoka mviringo kama punje. Wale wanaozipiga msasa kwa vidole moja moja, brigi ina zaidi ya kapi 100, Mungu awape subira.

Kilichonifundisha adabu ni kamba. Nilisoma kwenye orodha ya zamani kamba ya mlingoti mkubwa inchi 6. Nikafanya hesabu, inchi 6 ni milimita 152, gawa kwa 48, nikapata zaidi ya milimita 3. Nikasokota kamba ya milimita 3 kwa meli nzima. Meli ikaonekana kama imefungwa kwa mikia ya ng'ombe. Miezi sita baadaye mtu hapahapa akaniambia: zamani kamba ilipimwa mzingo, si kipenyo. Gawa kwa 3.14. Inayotakiwa ilikuwa milimita 1. Niliikata yote usiku mmoja kwa mkasi wa kucha.

Kigurumo
Nakumbuka, mimi ndiye niliyekuambia, na nilijuta.

Wakati tuko hapo: kamba ya kawaida nyuzi zake tatu zimesokotwa kulia, na kamba nene ya nanga imesokotwa kushoto, kwa kamba tatu za kulia. Picha za modeli nyingi nzuri zimekosea hapa na hakuna anayeziona.

FundiMkavu
Turudi kwa mgonjwa. Tiba ni hii: achia gundi. Gundi nyeupe inalegea kwa spiriti ya isopropili. Paka kwa brashi kwenye kila kiungo, acha, rudia, baada ya muda kisu chembamba kinapita. Toa mbao zote 9. Zikaushe zikiwa zimebanwa kwenye umbo, si juani. Halafu uanze upya, moja kulia moja kushoto, kwa gundi kidogo.

VumbiLaMbao
Kwa hiyo tiba yako ni ya kwangu, moja kulia moja kushoto.

FundiMkavu
Tiba ni moja, ugonjwa ni tofauti. Daktari wawili wanaweza kuandika dawa ileile.

SitakiSeti
Kutoa mbao 9 ni kuua mende kwa nyundo. Kifunge kiunzi kwenye ubao mnene wa kujengea ulionyooka, mkuku ukiwa katikati ya vipande viwili vya pembe vilivyofungwa kwa skrubu. Kinyooshe kwa nguvu, kikiwa humo jaza nafasi kati ya mataruma kwa vibonge vya mbao nyepesi vilivyokatwa vikakaa sawasawa, vya upande wa kushoto kwanza, halafu pachika mbao za kushoto humohumo. Ukija kukitoa kimejishika.

MzeeTezo
Au kitakapotoka kitapindia upande wa pili. Nimeona.

Mwanamaji_Mkavu
Swali la pembeni. Kulowesha usiku kucha kuna faida gani? Mimi sijawahi kulowesha, natumia pasi ya kunyoosha nywele tu.

FundiMkavu
Hakuna faida. Kinacholainisha mbao hasa ni joto. Maji yanasaidia kulainisha, yanabeba joto lifike ndani na kuzuia isiungue. Dakika chache za maji ya moto zinatosha kwa milimita 1.5.

VumbiLaMbao
Na wale wanaotumia amonia?

Kigurumo
Kuna amonia isiyo na maji kabisa, ya kiwandani, inalainisha mbao kweli. Ile ya chupa ya kusafishia vioo ni maji yenye harufu, inakuachia ubao uliogeuka rangi na macho yanayotoka machozi. Msiitumie.

MamaKapi
Na picha bado.

NahodhaWaMezani
Wakuu, nimerudi baada ya siku tisa. Nina habari mbili na sijui niziiteje.

Kabla ya kugusa spiriti, nikasema nipime tena vizuri niandike namba ya kuanzia. Nikavuta uzi. Nikauangalia ulipofungwa. Mara ya kwanza, ile kiunzi kilipokuwa kimenyooka, nilikuwa nimetoboa tundu dogo katikati kabisa ya mkuku kule omo na tezi, nikachomeka pini, uzi ukafungwa kwenye pini. Mara ya pili pini zilishatoka, nikaufunga uzi ubavuni, upande wa kulia, ncha zote mbili. Mkuku una unene wa milimita 5. Nusu yake ni 2.5.

Kwa hiyo katika zile milimita 4, mbili na nusu zilikuwa za uzi.

BinMsasa
Neno langu la kwanza kwenye uzi huu naomba lirudiwe kusomwa.

Kigurumo
Hahaha. Ila 4 toa 2.5 ni 1.5. Bado umepinda.

NahodhaWaMezani
Ndiyo. Nimerudisha pini, imebaki 1.5. Hapo sikutoa kitu. Nikapachika mbao 4 upande wa kushoto, mbao kavu, nimezipinda kwa joto tu. Leo uzi unasema milimita 1. Kujinyonga kuko palepale, milimita 2.

VumbiLaMbao
Mbao nne za kushoto zimerudisha nusu milimita. Weka tano zilizobaki, utafika sifuri. Kesi imekwisha.

FundiMkavu
Imekwisha kwako. Kati ya kipimo cha kwanza na cha leo zimepita siku tisa za kukauka, na safari hii mbao ni kavu. Unajuaje kwamba ni mbao za kushoto zilizovuta na si za kulia zilizotulia?

SitakiSeti
Na hakuna aliyepima mifuo.

MzeeTezo
Kunyonga hakujapungua hata kidogo baada ya kuweka mbao kushoto. Kwa maelezo ya Vumbi kulitakiwa kupungua. Kwa maelezo ya Kigurumo pia.

Kigurumo
Mzee, kwa mbao 4 dhidi ya 9 bado mapema. Zikifika 9 kwa 9 tuulizane.

Ila hiyo 2 ya vijiti nayo ipimwe upya. Nahodha, vijiti ulihakikisha vimenyooka? Vilaze kimoja juu ya kingine, vigeuze, vishike kwenye mwanga.

NahodhaWaMezani
Vijiti ni vya ubao uleule mweupe.

BinMsasa
Uliolowa usiku kucha?

NahodhaWaMezani
…vilikuwa kwenye beseni lilelile, ndiyo.

Mgeni88
Mimi nimechapisha upya. 100 kwa 100. Naanza taruma la kwanza leo. Nianze na gundi gani?

SitakiSeti
Nyeupe.

VumbiLaMbao
Nyeupe.

FundiMkavu
Supagluu kwa pini chache za kushikilia, nyeupe kidogo sana katikati. Na uwe na asetoni karibu, ndiyo inayoiachia supagluu, utakapojibandika kidole.

MamaKapi
Nahodha, kabla hujalala: ule uzi wa kupimia ni wa nini, nailoni au pamba?

NahodhaWaMezani
Pamba. Ule wa kusokotea kamba. Kwa nini?

FundiMkavu
Pamba inakunywa unyevu.

Kigurumo
Ikilegea inashuka chini, haiendi kulia wala kushoto. Usianze.

FundiMkavu
Kama hakuna dirisha. Nahodha, meza yako iko karibu na dirisha?